Nyimbo Tisa za Kupigia Pool

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto, cha kati na cha pete, viliumia Jumatatu moja asubuhi kwenye mashine ya kunyooshea shuka. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani, na mashine ile niliijua kama ninavyolijua jiko langu. Ina bomba kubwa la moto linalozunguka. Watu wawili wanailisha shuka upande huu, wengine wawili wanaipokea upande wa pili ikiwa kavu na imenyooka. Siku ile shuka ilijikunja pembeni, nami nikaukimbilia ule mkunjo kuunyoosha. Jambo hilo tulikuwa tumekatazwa sote, na sote tulikuwa tukilifanya. Mwenzangu aliipiga swichi nyekundu upesi, Mungu ambariki, na ndiyo maana vidole ninavyo hadi leo.

Vilipona kwa juu. Ngozi ilirudi, nyepesi na ya kung'aa, lakini ndani vilikuwa vimekakamaa. Havikunjiki, havinyooki. Nikisonga ugali sikuweza kuishika sufuria kwa mkono ule, ikabidi niiweke chini na kuibana kwa miguu. Kazini nilihamishiwa kwenye meza ya kukunja taulo. Msimamizi wetu aliniambia kwamba msimu wa wageni ukianza ataangalia nani anaweza kurudi mashineni na nani hawezi. Aliyasema hayo kwa upole, bila kunitazama usoni, nami nilielewa.

Hospitalini Msambweni nilimkuta mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu. Alinionyesha zoezi moja tu. Weka kiganja mezani. Tandaza vidole. Sasa inua vifundo vya katikati, ncha zibaki chini, kama kaa anayetaka kusimama.

"Mara mia kwa siku, dada," alisema. "Na usije hapa ukaniambia uliacha kwa sababu kuliuma. Kuuma kutauma."

Nilifanya siku nne. Siku ya tano nililia, nikaacha.

Wiki mbili baadaye, Jumanne, siku yangu ya mapumziko, mvua ilinikuta Ukunda nikitoka kununua unga. Nikaingia upenuni mwa chumba kimoja nyuma ya maduka ya vitambaa. Mlango ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na meza ya pool, viti vya plastiki na spika yenye kimo cha kabati. Mwenye chumba alikuwa Mdigo wa Kikoneni, mtu wa makamo aliyevaa kofia ya kufuma. Aliuza chai, mahamri na soda, na pombe haikuingia pale.

"Karibu ndani, dada," aliniambia. "Mvua haina adabu."

Nilikaa na unga wangu magotini. Mezani alikuwa akicheza dereva mmoja wa tuktuk, kijana mkubwa wa miaka thelathini hivi aliyekuja pwani kutoka bara kama mimi. Aliinama, akaweka mkono wa kushoto juu ya kile kitambaa cha kijani, akatandaza vidole, kisha akainua vifundo ili fimbo ipite juu yake. Nikasimama. Lilikuwa zoezi lile lile la Msambweni. Aliufanya mkono wake hivyo, akapiga, akazunguka meza, akaufanya tena. Nilimhesabia. Katika mchezo mmoja alilifanya zoezi langu mara ishirini na mbili, na hakulia.

"Naweza kujaribu?" niliuliza.

Watu walitazamana. Mimi ni mama wa watu wazima, nilikuwa nimejitanda leso na unga mkononi. Mwenye chumba ndiye aliyejibu.

"Meza ni ya mchezaji. Kwani mwanamke hawezi kuwa mchezaji?"

Mpigo wangu wa kwanza uliurusha mpira mweupe nje ya meza, ukaenda kujificha chini ya sanduku la soda. Walicheka, nami nikacheka. Vidole viliuma mpaka kwenye kiwiko. Lakini nilipokuwa nikilenga nilikuwa nimesahau kabisa kwamba vinauma, na jambo hilo halikuwa limenitokea tangu ile Jumatatu. Nikitembea kurudi nyumbani, viatu vimejaa maji, niliamua. Kila Jumanne ningekuja, mpaka vidole vikunjike au mwenye chumba anifukuze.

Hakunifukuza. Kilichonishinda kilikuwa ile spika.

Muziki uliopigwa pale ulikuwa wa haraka, ngoma juu ya ngoma, vijana wanaimba kwa kupokezana kama wanagombea gari. Sina ugomvi nao. Lakini mkono wangu wa kulia, ule unaosukuma fimbo, ulikuwa ukiifuata ngoma bila ruhusa yangu. Nalenga polepole, nachelewesha pumzi, na wakati wa kupiga mkono unakurupuka. Mpira unagonga ukingo wa shimo na kurudi kunitazama.

Nilimwendea mwenye chumba. "Kaka, huwezi kutuwekea kitu cha taratibu kidogo?"

"Ningeweza, dada, lakini chumba hiki kina sheria yake," alisema. "Anayeshinda anabaki mezani, na anayebaki mezani ndiye anayechagua muziki. Niliiweka baada ya watu kutaka kupigana. Nikiivunja kwa ajili yako, kesho nitaivunja kwa ajili ya nani?"

Basi hapo nikakwama. Ili nipate muziki wangu ilinipasa nishinde, na ili nishinde nilihitaji muziki wangu.

Wakati huo nilijua tayari ni muziki gani ninaoutaka. Miaka miwili kabla ya kuumia nilikuwa nimekuta flashi ndani ya suruali ya mgeni, imekwisha kufuliwa na kukaushwa. Niliipeleka ofisini kama inavyotakiwa. Ikakaa kwenye droo ya vitu vilivyosahauliwa, wakamwandikia mwenyewe, na baada ya miezi mingi bila jibu wakanirudishia mimi niliyeiokota. Nilidhani imekufa kwa maji na sabuni. Nilipoichomeka kwenye redio yangu ya mezani ilitoa gitaa moja la polepole, na mtu mzima akaanza kuimba kwa sauti ya mtu aliyekaa kitandani anafunga viatu na hana haraka ya kwenda popote. Kiingereza chake nilikipata nusu. Nusu hiyo ilinitosha.

Nilikuwa nikiusikiliza muziki ule nikipika, bila kuufikiria sana. Baada ya kuanza pool nilirudia zoezi la Msambweni kwenye meza ya jikoni, na jioni moja redio ilikuwa ikipiga. Nikagundua kwamba ninainua vifundo kwa kuufuata wimbo, na kwamba nimekwisha kupita mia bila kuhesabu.

Aliyenieleza jina la muziki huo alikuwa mpiga gitaa wetu, Mtaita mmoja aliyewapigia wageni wakati wa chakula na mchana akala ugali pamoja nasi kwenye bwalo la wafanyakazi. Nyimbo nilikuwa nimezihamishia kwenye simu, nikampa asikilize.

Alifumba macho. "Umeitoa wapi hii, mama?"

"Kwenye suruali."

Alicheka mpaka akaweka kijiko chini. "Hii ni bluzi. Waliianzisha watu weusi wa kule Marekani, watu wa mashamba ya pamba na kazi za sulubu. Sikiliza ilivyojengwa." Akagonga meza kwa vidole. "Mstari wa kwanza anasema neno lake. Mstari wa pili analirudia lile lile. Wa tatu anatoa jibu. Kisha anaanza upya. Anasema, anarudia, anajibu."

Nilimwomba anigongee tena. Alinigongea mara tatu, na chakula chake kikapoa. Mimi nilikuwa nikiiona meza ya kijani. Mstari wa kwanza, tazama mpira na shimo. Mstari wa pili, tazama tena, fimbo iende na kurudi bila kugusa. Mstari wa tatu, piga. Katika maisha yangu ya pool nilikuwa nikipiga kwenye mstari wa kwanza.

Siku iliyofuata, baada ya zamu ya alfajiri, nilikwenda moja kwa moja kwa mwenye chumba. Nilimsalimu, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikasema lililonileta. Asubuhi chumba chake hakina mtu. Je, siku ninazoweza, ningekuja saa nne, nikafagia, nikafuta viti na kupiga mswaki kitambaa cha meza, kisha nicheze peke yangu kwa muziki wa redio yangu mpaka wateja waanze kuingia? Sheria ya chumba isingevunjika, kwa sababu anayecheza peke yake hana wa kumshinda.

Alifikiri huku akimimina chai. "Hilo halina kasoro," alisema. "Lakini sauti iwe ya chini, na adhana ikianza unazima."

Nilikuwa na nyimbo zaidi ya sitini kwenye flashi ile. Sikujua jina la hata mmoja, maana majina yalikuwa yameharibika na kubaki namba tu. Nikaamua kuzipima mmoja baada ya mwingine. Kila wimbo niliupa michezo mitatu, nikaandika kwenye daftari nilichopata: mipira mingapi imeingia, mkono umekuwaje, moyo umekuwaje. Nilidhani wiki mbili zitatosha. Ilinichukua karibu miezi mitatu.

Kumbe si kila kitu cha polepole kinatuliza. Kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti nzito ambaye kila alipofika mstari wa tatu alikatika, akameza mate, ndipo akamalizia. Wimbo ule ulinirudisha kwenye mazishi ya mama yangu Kitui, nikajikuta nimesimama na fimbo mkononi, sioni mipira. Nikaufuta kwenye orodha, ingawa ndio niliokuwa nikiupenda kuliko zote. Kulikuwa na zenye tarumbeta nyingi zilizonifanya nijione nimeshinda kabla sijacheza. Hizo pia nilizitoa. Kulikuwa na mmoja ambamo kinanda cha mdomo kinalia kama gari moshi linalopanda mlima, na kila nilipousikia nilipiga kwa nguvu kupita kiasi. Nilikaribia kuutupa. Kisha nikakumbuka kwamba mpigo wa kwanza kabisa, ule wa kuitawanya mipira yote kumi na mitano, unataka nguvu. Nikauweka mwanzoni, ukawa wimbo wa kutawanyia.

Wa mpira mweusi ulinisumbua zaidi. Ule mpira nambari nane ndio wa mwisho, na ndio unaotetemesha mikono ya watu. Nilijaribu nyimbo kumi na moja. Uliofaa haukuwa na ala yoyote isipokuwa gitaa linaloguswa mara mojamoja na mguu wa mwimbaji ukigonga ubao, ta, ta, ta, kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe na anajua utafunguliwa.

Mwenye chumba alizoea kukaa mlangoni akinisikiliza huku anapanga soda. Asubuhi moja aliniuliza, "Dada, huyu bwana anayeimba sasa ana shida gani?"

"Ameachwa na mkewe."

"Na yule aliyetangulia?"

"Naye ameachwa na mkewe."

Alitikisa kichwa. "Basi mimi nawaonea huruma hao wake. Mwanamume akilalamika kiasi hiki mchana kutwa, wewe ungekaa?"

Nilipiga mpira nikakosa kwa kucheka, na kwenye daftari nikaandika kwamba kosa lile lisihesabiwe juu ya wimbo.

Adhana ya adhuhuri ilipoanza nilizima, kama tulivyokubaliana, na mwenye chumba akaenda msikitini akiniachia mlango. Mwanzoni nilikaa tu kumngoja. Baadaye nilianza kuendelea kucheza katika ule ukimya, na hapo nilijifunza jambo ambalo sikuwa nimelitafuta. Wimbo uliendelea. Mguu wangu ulikuwa ukigonga sakafu wenyewe. Anasema, anarudia, anajibu, na mpira unaingia. Nikaanza kufanya hivyo kwa makusudi: kupiga wimbo mara moja, kuuzima, kisha kucheza mchezo mzima nao ukiwa kichwani. Mwishoni nilibaki na nyimbo tisa, na zote tisa niliweza kuzibeba bila redio.

Habari zilifika kanisani. Mama mmoja wa kikundi chetu cha wanawake alikuja kwangu Jumapili baada ya ibada, akaketi, akanywa chai, akauliza habari za watoto, na ndipo akasema. Amesikia ninashinda kwenye pool, pamoja na wanaume, nikisikiliza nyimbo za walevi.

"Mahali penyewe hapauzwi pombe, mama," nilimjibu. "Na nyimbo ni za watu wenye taabu."

"Wenye taabu tunao wetu wa kuimba."

Niliweka kiganja mezani mbele yake, nikainua vifundo. Kidole cha kati kilipanda chote. Cha pete kilipanda nusu. Yeye ndiye aliyekuwa akinimenyea viazi kule nyuma, nilipokuwa siwezi kushika kisu na kiazi kwa pamoja. Aliushika mkono, akaugeuza huku na huku.

"Mimi sitakuja kusikiliza," alisema hatimaye. "Lakini sitakukataza."

Sasa ilibaki kushinda. Jumanne mchana nilijipanga kwenye foleni pamoja na wengine. Dereva wa tuktuk ndiye aliyekuwa akibaki mezani karibu kila wakati, na muziki ulikuwa wake, ule wa haraka, kwa sauti iliyotikisa vikombe. Wiki ya kwanza alinishinda nikiwa na mipira mitano mezani. Wiki ya pili minne. Ya tatu mitano tena.

"Siz, wewe hauchoki?" aliniuliza wiki ya nne, akipaka chaki fimboni.

"Nimechoka," nilimwambia. "Wiki ijayo nitakuja."

Nilikuja. Nilipigwa Jumanne saba mfululizo. Kila nilipopigwa nilikwenda nyumbani na kuandika nilipoupoteza wimbo, maana nilikuwa nimekwisha kuelewa kwamba sipotezi mipira, napoteza wimbo. Aghalabu ilikuwa pale alipocheka mtu, au dereva alipotia mipira mitatu kwa mkupuo nami nikataka kumjibu kwa haraka yake. Nikajiwekea sharti moja: yeye akimaliza zamu yake, mimi sinyanyui fimbo mpaka mstari wa kwanza na wa pili upite kichwani, hata watu wakinipigia miluzi.

Wakapiga miluzi. Jumanne ya nane walipiga kweli, na mmoja akauliza kama nimelala. Mimi nilikuwa nikigonga mguu. Mchezo ulikwenda hivyo, yeye mbio, mimi taratibu, mpaka ikafika hali ambayo alikuwa na mpira mmoja na ule mweusi, nami nimebaki na ule mweusi peke yake. Ilikuwa zamu yangu. Mpira mweupe ulikuwa umejibana nyuma ya mpira wake. Ili niufikie ilinilazimu kuusimamisha mkono wa kushoto kwa ncha za vidole, juu, vifundo vikiwa vimeinuka kabisa, fimbo ishuke kwa mwinamo kupita juu ya mpira wake bila kuugusa.

Niliweka mkono. Kidole cha pete kilianza kuteleza kitambaani. Maumivu yalipanda, nikayaacha yapande. Spika ilikuwa ikipayuka nyuma yangu, na chini yake, mbali, nikamtafuta yule bwana wa mguu ubaoni mpaka nikampata. Ta, ta, ta. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Kidole kikatulia, au labda niliacha kukitazama. Nikapiga.

Mpira mweusi ulitembea polepole mno. Nilidhani utafia njiani. Ukafika ukingoni, ukaingia.

Dereva alinyoosha mkono, akanipa. Mwenye chumba alikuja mwenyewe, akazima muziki, akanitazama kama mtu anayesubiri agizo.

"Dada, meza ni yako. Unachagua nini?"

Nilikuwa nimeliwazia swali hilo kwa miezi, na orodha na flashi vilikuwa mfukoni. Nilimpa wimbo wa tatu kwenye orodha yangu, ule wa gitaa la taratibu na sauti ya mtu anayefunga viatu. Ulipojaa chumbani, kwa ile spika kubwa, nilisikia vitu ambavyo redio yangu haikuwahi kunipa: pumzi yake kabla ya kila mstari, kucha zake kwenye nyuzi.

Waliokuwa kwenye viti waliguna. "Hii ni ya matanga," mmoja alisema. Dereva aliingia tena kwenye foleni, na kwa kuwa wawili waliomtangulia niliwashinda, muda si muda tulikutana tena. Safari hii alikuwa akicheza ndani ya muziki wangu. Niliona mapema kwamba kuna jambo limebadilika. Mabega yake yalishuka. Alilenga kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alikuwa hodari kuliko mimi tangu mwanzo, kilichokuwa kikimponza ni haraka yake mwenyewe, na haraka hiyo nilikuwa nimemwondolea kwa mikono yangu. Alinishinda nikiwa na mipira sita mezani.

Niliudhika sana. Sikutegemea kuudhika kiasi kile. Mwenye chumba alinyoosha mkono kubadilisha muziki, kwa sababu meza ilikuwa imerudi kwa dereva.

"Ngoja kwanza," dereva alimwambia. "Wacha huyu mzee amalize story yake."

Wimbo ukaisha wote, kisha ngoma zake zikarudi. Mimi nilikwenda nyumbani kuandika. Niliandika kwamba kushinda mara moja bado si kushinda, na kwamba muziki unaonifaa mimi unaweza kumfaa na anayenipinga, kwa hiyo haitoshi kuchagua muziki, lazima nicheze pool vizuri zaidi. Jumanne iliyofuata nilikuwepo. Siku hizi katika michezo kumi namshinda mitatu, pengine minne. Nalenga mitano.

Msimu wa wageni ulipokaribia, nilimfuata msimamizi kabla yeye hajanifuata. Nilimwomba anirudishe mashineni. Alinitaka nishike pembe za shuka ya kitanda kikubwa na kuinyoosha mbele yake, nikafanya hivyo. Akanitaka niifanye tena, ikiwa mbichi na nzito. Nikafanya.

"Huogopi ile mashine?" aliniuliza.

"Naiogopa," nilisema. "Nitafanya kazi huku naogopa."

Nilirudi Jumatatu. Asubuhi ile ya kwanza joto la lile bomba lilipofika usoni, nilikumbuka kila kitu, hata harufu. Shuka ya kwanza niliilisha nikihesabu mistari. Ya pili vilevile. Baada ya saa moja nilikuwa nikiongea na mwenzangu kuhusu bei ya nyanya. Mkunjo ukitokea, siku hizi tunaipiga swichi na kungoja. Kidole cha pete hakikunjiki chote, na mtaalamu wa Msambweni amenieleza waziwazi kwamba hakitakunjika chote. Nimelipokea hilo, lakini zoezi sijaliacha.

Jumanne mchana sasa tuko wanawake watatu pale. Wa karibuni ni mpishi wa hotelini kwetu, mzaliwa wa Jego, mtu wa maneno machache. Aliniuliza kama ningemfundisha, nami nikampa fimbo na daftari jipya, nikamwambia atafute muziki wake mwenyewe, maana wangu nilijishonea kwa vipimo vyangu. Alikaa wiki tatu, kisha akaja na taarab. Wiki iliyopita alinishinda kwa mara ya kwanza, akabaki mezani, na chumba kizima kikajaa fidla na mwanamke anayemsema jirani yake kwa mafumbo.

Katika muziki ule mimi sijui nipige saa ngapi. Beti ni ndefu, kila ninapodhani jibu limefika, fidla inaingia na kulichelewesha. Nilikosa mipira myepesi kabisa. Nilimwomba anikopeshe nyimbo zake, na tangu juzi nazisikiliza jikoni, kiganja mezani, nikisubiri kujua jibu linakaa wapi.